Milimita Moja ya Ukali

Anayeanza kupiga picha za makro hudhani kwamba kazi yote ni kukikuza kitu kidogo kiwe kikubwa. Kukuza si tabu. Kunaweza kufanywa hata kwa pete tupu za plastiki zisizo na kioo chochote ndani yake. Kinachomtesa mpigapicha siku zote ni wembamba wa ile sehemu inayotoka kwa ukali. Chukua maji moto, wale chungu wenye hasira wanaoshona majani ya miembe na mikorosho katika mashamba yetu ya Tanga, ambaye urefu wake ni kama punje ya mchele. Ukimpiga picha kwa uwiano wa 1:1, maana yake taswira inayoangukia kwenye kihisi cha kamera (kile kibamba kinachopokea mwanga) ina urefu uleule alio nao chungu mwenyewe, na tundu la lenzi likiwa kwenye f/8 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), sehemu itakayoonekana vizuri, kuanzia mbele hadi nyuma, ni takriban milimita moja tu. Ukikuza hadi 2:1, unabakiwa na kama theluthi moja ya milimita. Jicho likiwa safi, ncha ya kipapasio tayari imekwisha kumezwa na ukungu, na miguu ya nyuma haijulikani kama ni miguu au ni vijiti.

Karibu kila uamuzi ninaoufanya nikiwa na kamera mkononi unatokana na milimita hiyo: saa ninayotoka nyumbani, upande ninaomjia mdudu, aina ya mwanga, na hata ni mdudu yupi nimwache aende zake.

Wengi huuliza kwa nini nisilifunge tundu la lenzi hadi f/22 au f/32 ili unene huo uongezeke. Unaongezeka kweli, lakini mwanga unapopenya katika tundu dogo sana hutawanyika pembezoni mwake, na kila nukta ya picha huvimba kidogo hadi picha nzima inakuwa laini, bila sehemu hata moja iliyo kali kwelikweli. Katika makro tatizo hili huja mapema kuliko kawaida, kwa sababu lenzi inapokuwa imesogezwa mbali na kihisi ili kukuza, tundu lilelile hufanya kazi kana kwamba ni dogo zaidi. Kwenye uwiano wa 1:1, f/8 iliyoandikwa kwenye lenzi kwa hakika inatenda kama f/16, na f/16 inatenda kama f/32. Ndiyo maana mimi hubaki kati ya f/8 na f/11 na kuvumilia wembamba, kuliko kuwa na picha nene iliyofifia kila mahali.

Ikiwa unene hauongezeki, basi ni lazima upangwe. Sehemu kali ya picha ni kama bamba lililosimama sambamba na kihisi cha kamera, na kila kinachogusana na bamba hilo hutoka vizuri. Kereng'ende aliyetulia juu ya ukindu, akipigwa kwa ubavu, mwili wake mrefu wote unaweza kulala ndani ya bamba hilo, kuanzia kichwa hadi ncha ya mkia. Akipigwa kwa pembe kutoka mbele, unapata kichwa peke yake. Hakuna kosa katika kuchagua kichwa peke yake, ila uchaguzi huo ufanywe kwa kukusudia. Kipepeo aliyefunga mabawa ni rahisi kuliko aliyeyafungua nusu. Nikiona mdudu amekaa vibaya, sishiki kamera kwanza. Huzunguka polepole hadi nipate upande ambao mambo ninayoyataka, kwa mfano macho mawili na mguu wa mbele, yote yako umbali mmoja kutoka kwenye lenzi. Wakati mwingine upande huo haupo, na hapo ni afadhali kumtazama tu kwa macho.

Vunjajungu ana ugumu wa namna yake. Kila umpigapo picha kutoka mbele, ndani ya kila jicho lake la kijani huonekana doa dogo jeusi linalokukodolea, na ukihamia kulia au kushoto doa nalo linahama. Watu huniambia kwamba mdudu anageuza mboni kama binadamu. Hana mboni. Jicho lake limejengwa kwa maelfu ya vijicho vidogo vilivyopangwa kuelekea pande tofauti, na vile vichache vinavyoelekea moja kwa moja kwenye lenzi yako humeza mwanga badala ya kuurudisha, kwa hiyo vinaonekana vyeusi. Ukisogea, vijicho vingine ndivyo vinavyokuelekea. Kwa mpigapicha, doa hilo ni kipimo kizuri, kwa kuwa likionekana katikati ya macho yote mawili kwa ulinganifu, ujue umemkabili mdudu sawasawa. Macho hayohayo ya kijani mchana huwa ya kahawia iliyokolea au meusi usiku, kwa sababu chembe za rangi ndani yake husogea ili kuruhusu mwanga mwingi zaidi uingie, kwa hiyo picha mbili za vunjajungu mmoja zinaweza kuonekana kama za wadudu wawili.

Lakini nirudi kwa maji moto, maana sijapata kiumbe kingine kinacholipa uvumilivu kiasi hiki. Kiota chao hutengenezwa kwa majani mabichi yasiyokatwa mtini. Watenda kazi hujipanga kwenye ukingo wa jani moja, wakaung'ata ukingo wa jani la pili, na kuvuta. Nafasi ikiwa pana, hushikana viuno wakafanya mnyororo wa chungu hadi majani yakutane. Kisha wengine huja wakiwa wamebeba mabuu yao mdomoni, na buu hilo ndilo linalotoa uzi wa hariri, huku mtenda kazi akilipeleka huku na huku kati ya kingo mbili hadi zishikamane. Kwa macho matupu unaona utando mweupe tu. Kwa lenzi unaona chungu mzima ameshika kichanga cha ukoo wake na kukitumia kama chombo cha kushonea. Picha hiyo ni ngumu kwa sababu buu ni dogo, ni jeupe, na linasogezwa bila kupumzika. Isitoshe, kukaa karibu na kiota kinachojengwa ni kuomba kung'atwa, na wakishang'ata hunyunyizia asidi penye jeraha. Mimi huvaa mikono mirefu, husimama upande ambako hakuna tawi linalogusa nguo, na kutumia lenzi ya milimita 100 au zaidi inayoniruhusu nikae mbali kidogo.

Wenye minazi wanawaheshimu chungu hawa kwa sababu nyingine. Kuna mdudu mfyonzaji ambaye wataalamu humwita Pseudotheraptus wayi, anayedunga vidaka na kuvifanya vidondoke kabla ya wakati, na minazi yenye maji moto wengi husalimika kwa kiasi kikubwa kwa sababu hawampi nafasi. Mzee mmoja mwenye shamba aliponiona nimekaa chini ya mti wake na kamera, hakuniuliza ninafanya nini, alisema tu, "Kijana, uwapige picha, lakini usinichomee moto viota vyangu." Nilimjibu shikamoo kwanza, kisha nikamhakikishia.

Jambo lililonifanya nibaki na makro hasa ni wale wanaojifanya maji moto. Katika msafara wa chungu juu ya tawi huwamo mmoja ambaye mwendo wake una kasoro ndogo: anasita, anaruka kidogo, anainua miguu ya mbele na kuichezesha hewani. Ukikuza picha unahesabu miguu minane. Ni buibui mrukaji ambaye mwili wake umekuwa mwembamba na kubanwa katikati mfano wa chungu, naye huinua jozi ya kwanza ya miguu ili ionekane kuwa vipapasio. Kinachomfichua ni uso. Chungu ana macho mawili pembeni mwa kichwa. Buibui mrukaji ana manane, na jozi ya mbele ni kubwa, duara, inayotazama mbele moja kwa moja. Hapa ile milimita moja inakuwa msaada badala ya adha, kwa kuwa macho makubwa yakiwa makali na mwili wote ukiwa ukungu, hila yake yote huanguka katika picha moja.

Kuhusu mwanga, nitasema waziwazi kwamba jua la pwani halitoshi, hata kama linachoma. Kwa f/11 kwenye uwiano wa 1:1, mwanga unaofika kwenye kihisi ni mchache kiasi kwamba ama upandishe ISO, yaani wepesi wa kihisi kuupokea mwanga, hadi picha ijae chenga, ama ufungue shata kwa muda mrefu na kila pumzi yako itikise picha. Flashi inamaliza yote mawili. Ikipunguzwa hadi 1/32 ya nguvu zake au chini ya hapo, mwanga wake huwaka na kuzimika kwa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, hivyo mkono unaotetemeka na jani linalopeperuka hugandishwa. Shida ya flashi tupu ni ukali wake: mgongo wa mbawakawa unaong'aa hugeuka kioo, na ndani yake utaona doa jeupe lenye umbo la flashi yenyewe. Dawa ni kuupanua mwanga na kuuleta karibu. Ile karatasi laini ya povu jeupe inayofungiwa televisheni mpya, ikikunjwa mbele ya flashi hadi ifike juu ya ncha ya lenzi, kwa mdudu wa milimita tano inakuwa na upana wa anga. Nimeona vifaa vya dukani vya kazi hiyohiyo, vizuri kabisa, na bei yake sijaielewa.

Vifaa vingine havihitaji maneno mengi. Lenzi ya kawaida ya milimita 50 ikiwekewa pete za kuirefusha zenye jumla ya milimita 50 hufikia uwiano wa 1:1. Lenzi ya milimita 28 ikigeuzwa kinyumenyume, mbele ikawa nyuma, kwa pete ya bei nafuu, hupita uwiano wa 2:1. Hapo zinafaa zile lenzi za zamani za kamera za filamu zenye pete ya kurekebisha tundu kwa mkono, kwa kuwa lenzi iliyogeuzwa haiwasiliani tena na kamera. Kwa wanaotaka kwenda mbali zaidi, Canon walitoa lenzi ya MP-E 65mm inayofanya kazi kati ya 1:1 na 5:1 tu. Haiwezi kupiga picha ya mtu wala ya mlima.

Wenye simu wasijione wanyonge. Kihisi cha simu ni kidogo sana, na kwa eneo lilelile linalopigwa, kihisi kidogo huwa na unene mkubwa zaidi wa sehemu kali kuliko kamera kubwa ikiwa kwenye f ileile. Kwa maneno mengine, tatizo lenyewe ninalolilalamikia hapa ni dogo zaidi kwenye simu. Lenzi ndogo ya kubana juu ya kamera kuu ya simu, pamoja na mwanga mzuri wa asubuhi, hutoa picha za nzi na maua zinazotosha kabisa. Kijicho cha kamera kilichoandikwa "makro" kwenye simu nyingi za bei ya chini, chenye megapikseli mbili, ndicho kisichofaa. Afadhali kukata kipande cha picha iliyopigwa kwa kamera kuu.

Vitabu vingi hushauri kutoka alfajiri wadudu wakiwa wamepoa na umande ukiwa juu yao. Ushauri huo ni wa nchi za baridi. Hapa Tanga usiku wenyewe una joto, na saa kumi na mbili asubuhi nzi yuko tayari kuruka kama adhuhuri. Ni huko Lushoto, hasa Juni na Julai, ambako nimemkuta panzi amelowa umande mwili mzima, hawezi hata kusogeza mguu, na ninaweza kusogeza tripodi mpaka nitosheke. Kwa pwani njia yangu ni nyingine: kutoka usiku na tochi kichwani, wakati wadudu wengi wa mchana wamelala wakining'inia kwenye majani, au kuwasubiri wanapokula, kwani kiwavi anayetafuna na buibui mwenye windo mdomoni hawana haraka. Kuna wanaomtia mdudu ndani ya friji ili apoe atulie, kisha wakamweka juu ya ua. Siipendi njia hiyo, tena inaonekana: miguu hukunjwa chini ya mwili kwa namna ambayo mdudu aliyekaa mwenyewe haikunji, na mara nyingi yuko juu ya ua ambalo hana shughuli nalo.

Kuna njia ya kuishinda milimita moja kabisa, nayo ni kupiga picha nyingi huku fokasi ikisogezwa hatua ndogondogo, kisha programu ya kompyuta kama Helicon Focus au Zerene Stacker ikaokota sehemu kali ya kila moja na kuziunganisha. Mwingereza Levon Biss ameifikisha njia hii mbali kuliko wengi: kwa wadudu wa makumbusho ya Oxford, picha moja iliyokamilika hujengwa kwa picha zipatazo 8,000, na mdudu wa sentimita moja huweza kuchapishwa kwa upana wa mita kadhaa huku kila kinyweleo kikihesabika. Nimezitazama picha hizo kwa muda mrefu na ninazistahi. Hata hivyo, wadudu wale ni maiti zilizotunzwa, na njia yenyewe haitaki kitu chochote kisogee. Kwa mdudu aliye hai mimi naridhika na picha moja, au chache zilizounganishwa iwapo amelala usingizi.

Kazi ya kuunganisha naiweka kwa ajili ya vitu vya nyumbani wakati wa masika, mvua inapofunga milango. Chumvi ya mawe inayotoka kwenye mashamba ya chumvi ya pwani ni somo lisilochosha. Punje zake ni mche mraba, kwa kuwa chembe za sodiamu na kloridi hujipanga hivyo hivyo kuanzia ndani, lakini punje zilizokua upesi huwa zimebonyea katikati ya kila upande kwa ngazi ndogondogo, kwa sababu kingo zilipata maji yenye chumvi kwanza na kukua haraka kuliko katikati. Karafuu iliyokatwa kwa wembe kwa upana huonyesha vifuko vya mafuta vilivyopangana kuzunguka ukingo, na ukiminya kidogo huku unatazama kwenye kioo cha kamera, unayaona mafuta yakichomoza. Kanga nayo huonyesha mtande na mshindio, na mahali ambapo wino umekaa juu ya uzi bila kuzama ndani. Upindo mweusi unaoonekana umekolea ukiwa umevaliwa, kwa karibu umejaa vidoto vyeupe.

Kwa mimea iliyo hai ninapanda Amani, juu ya Muheza, ambako katika miamba yenye kivuli na unyevu bado huota porini yale maua ya zambarau yanayouzwa madirishani Ulaya na Marekani kwa jina la Saintpaulia, lililotokana na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa Mjerumani aliyetuma mimea hiyo kwao katika miaka ya 1890. Jani lake lina manyoya, na manyoya hayo hayaonekani mpaka mwanga utoke nyuma. Ukiwa na flashi ya kushika mkononi nyuma ya jani, ukingo wote huwaka. Mjerumani mwingine, Karl Blossfeldt, mwalimu wa sanaa huko Berlin, alifanya kinyume. Alikata vikonyo na vichipukizi, akaviweka mbele ya mandharinyuma tupu chini ya mwanga wa dirisha, akavikuza kwa kamera alizojitengenezea, ili wanafunzi wake wajifunze maumbo. Picha zake zilipochapishwa mwaka 1928 zilimpa sifa akiwa na zaidi ya miaka sitini. Kwake mmea hauna kwao. Nazipenda, ila mimi hutaka angalau kipande cha mwamba kionekane.

Somo lililo karibu kuliko yote ni mbu ukutani. Anofelesi jike hutua akiwa ameinua tumbo juu, kichwa na mwili vikiwa kwenye mstari mmoja ulioinama, na kando ya mrija wake wa kufyonzea kuna vipapasio viwili vinavyokaribia urefu wa mrija huo. Kuleksi hutua akiwa sambamba na ukuta, na vipapasio vyake hivyo ni vifupi. Aedesi ana mikanda myeupe miguuni. Yote haya huonekana kwa simu yenye lenzi ya kubana. Wasomaji walio kando ya Ziwa Viktoria, Kenya na Uganda, wana bahati zaidi, kwani kwenye kuta za nyumba zao huishi buibui mrukaji mwenye uso mwekundu, Evarcha culicivora, aliyepewa jina hilo mwaka 2003 na kuchunguzwa sana katika kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe huko Mbita, Kenya. Huyu huwachagua mbu wa anofelesi walioshiba damu, na kwa njia hiyo hunywa damu yetu bila kutugusa. Urefu wake ni kama milimita tano, kwa hiyo uwiano wa 2:1 unamtosha vizuri.

Chini ya kila picha ninayoiweka hapa nimeanza kuandika upana wa eneo lililopigwa. Hesabu yake ni nyepesi: kihisi kikubwa, kile cha "full frame", kina upana wa milimita 36, na ukigawanya namba hiyo kwa ukuzaji unapata upana halisi, yaani milimita 36 kwa 1:1 na 18 kwa 2:1. Asiyejua ukuzaji wa vifaa vyake, kama mwenye lenzi iliyogeuzwa au mwenye simu, apige picha ya rula ya shule bila kubadilisha mpangilio wowote, ahesabu milimita zinazoonekana kutoka ukingo hadi ukingo, na kuziandika. Picha iliyokatwa baadaye kwenye kompyuta ipimwe upya, la sivyo chungu ataonekana amekua kwa sababu tu kingo zimepunguzwa.